Weupe Uliokula Meno Yangu

Leo asubuhi nimekunywa maji ya mtungini, kikombe kizima, bila kufumba macho. Naanza na hilo kwa sababu anayesoma maandishi ya mgonjwa hutaka kwanza kujua kama mwandishi alipona. Nimepona, kwa kiasi ambacho meno hupona. Ninawaandikia wale wanawake wanaonisimamisha njiani hapa Kasongo, wanaofunika mdomo kwa ncha ya kitenge na kuniuliza kwa sauti ndogo kama yale wanayosikia ni kweli. Ni kweli. Nitayasimulia jinsi yalivyonipata mimi, na mambo ya kidaktari nitawaachia wenyewe.

Naitwa Feza. Ninafundisha darasa la kwanza katika shule ya msingi ya kanisa. Mume wangu, Dieudonné, ni seremala wa milango na madawati, na tunaishi pamoja na mama yake, Mama Adolfina. Mimi ni mzaliwa wa Wamaza, kule Kabambare, katika familia ya wakulima wa mpunga na muhogo. Watoto wengi wa rika langu tulikua na meno yenye madoa ya rangi ya chai. Wazee walisema ni maji ya kisima, na hakuna aliyejificha kwa ajili hiyo. Tulicheka kwa vinywa vipana, tukaolewa, tukazaa, madoa yetu yakiwa palepale.

Niliona haya nikiwa mtu mzima kabisa, siku ya karamu ya Noeli ya walimu. Mwenzetu mmoja alitupiga picha kwa simu. Baadaye tukainamia kioo kutazama, naye akaikuza picha kwa vidole viwili ili aonyeshe shati lake jipya. Akakosea, ukaja uso wangu, kisha ukaja mdomo wangu peke yake, umejaa kioo chote. Akairudisha picha haraka, kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyoniuma. Tangu siku hiyo nikawa nacheka huku nimeweka mkono mbele ya midomo.

Likizo ya Pasaka nilikwenda Salamabila kumsalimia kaka yangu, ambaye ananunua na kuuza dhahabu kidogo kidogo. Sokoni, kati ya mabuti ya wachimbaji na manukato, alikaa mwanamke mmoja aliyetoka upande wa ziwa. Alipotabasamu, meno yake yalifika kwako kabla ya maneno yake. Alikuwa na visanduku vidogo vyeupe, na ndani yake jeli ya kung'arisha meno kwenye bomba na vibao viwili vya mpira laini vya kuvaa juu ya meno, kimoja juu, kimoja chini. Alinisomea karatasi: nusu saa kwa siku, wiki mbili, kisha kupumzika miezi mingi. Sitaki kumsingizia. Neno la kupumzika alilisema. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshaacha kusikiliza, nikiitazama picha ya msichana kwenye kisanduku. Nikachukua visanduku viwili.

Zile wiki mbili nazikumbuka kama ndoto ninayoipenda bado, ingawa najua ilikonipeleka. Kila asubuhi, kabla ya shule, niliketi nyuma ya nyumba kwenye kigoda, vibao vimo kinywani, siwezi kuongea na mtu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba. Jogoo wa jirani aliwika kama yuko kijiji kingine. Ndani ya kinywa changu povu dogo lilikuwa linapasuka taratibu, pu, pu, pu, na mimi nilihisi kama mtu aliyekaa chini ya maji, anatazama juu watu wakipita. Nilipotema, nilitema weupe. Siku ya kumi madoa ya chai yalianza kufifia. Siku ya kumi na nne nilijitazama kwenye kioo cha mume wangu cha kunyolea, nikamwona mwanamke wa kwenye kisanduku.

Watu walisema. Walimu walisema, mama mmoja wa kwaya akanishika kidevu ili aone vizuri. Dieudonné alinitazama kwa muda mrefu wakati wa chakula, akaniambia kwamba ninafanana na mtu mwingine. Nilidhani ni sifa.

Hapo ndipo ningeacha. Lakini weupe una njaa yake. Kila asubuhi niliona umepungua kidogo, hata pale ambapo haukupungua. Nikarudia jeli wiki ile ile, mara mbili kwa siku, saa nzima nzima. Ilipokwisha, nikanunua kwenye duka la dawa ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, ambayo watu wa kwetu huiita oksijene, nikaichanganya na bikarbonati na maji ya limao. Nikasugua kwa mswaki mgumu. Fizi zilipogeuka nyeupe kama ngozi iliyokaa sana kwenye maji, nilisema moyoni kwamba dawa inafanya kazi.

Mwezi huo huo mdogo wangu Riziki alifika kutoka Wamaza kununua vyombo vya harusi yake. Tumezaliwa wawili tu wa kike, na madoa yetu ni yale yale, mahali pale pale. Aliponiona nikicheka, aliniomba nicheke tena. Kabla hajaondoka nilimpa kisanduku cha pili, ambacho nilikuwa nimemwekea yeye tangu Salamabila, bila kukifungua. Nilikifunga ndani ya kitenge kipya, nikamwambia aanze kukitumia wiki chache kabla ya harusi. Alinikumbatia kwa nguvu, akiniita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu. Nilijisikia dada mwema.

Maumivu ya kwanza yalikuja mwisho wa Mei, mvua za mwisho zinakatika. Nilikunywa maji ya asubuhi, na kitu kama waya mwembamba kikapita kutoka jino la mbele hadi nyuma ya jicho. Kikombe kikaanguka. Kesho yake nikanywa maji ya uvuguvugu. Kesho kutwa hata hewa ilikuwa baridi. Kiangazi kilipoanza, na asubuhi za Kasongo zikawa na ule ubaridi wa vumbi, nilijifunza kupumua kwa pua tu, nikawa natembea na midomo iliyofungwa kama mtu aliyebeba siri. Na kweli nilikuwa nimeibeba.

Shuleni nilipata pigo nisilolitarajia. Mtu anapotamka F, meno ya juu hugusa mdomo wa chini na pumzi hupita katikati. Mwalimu wa darasa la kwanza hutamka F mara mia kwa wiki. Kila F ilikuwa waya ule ule. S nayo, kidogo. Nikaanza kuyakwepa maneno. Sikusema fimbo, nilisema kijiti. Sikusema funga mlango, nilionyesha kwa kidole. Kuna siku karani wa ofisi mpya ya kanisa aliniuliza jina, nikamwambia Eza, naye akaandika Eza, nami nikaiacha ibaki hivyo.

Watoto walidhani nimewakasirikia. Mwalimu aliyekuwa akiimba nao sasa alikuwa anaandika ubaoni na kuwaashiria. Mwishoni mwa mwaka wa shule direkta, mkuu wa shule yetu, aliniita. Alisema kwa upole kwamba darasa langu linasoma kwa kunong'ona, na kwamba kama Septemba nitarudi hivi, atanipa kazi ya kutunza vitabu na kumweka mtu mwingine kwenye darasa la kwanza. Nilikubali kwa kichwa. Nilikuwa nimefundisha chumba kile miaka tisa.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu nyumbani nilidanganya. Nilisema ni baridi ya kiangazi imeingia kwenye meno. Nikaacha nanasi, nikaacha machungwa, kisha pilipili, kisha chochote chenye moto. Mama Adolfina hupika sombe, mboga ya majani ya muhogo, yenye pilipili na mawese, na mimi nilikuwa naisukuma pembeni ya sahani. Alianza kunipakulia kidogo, baadaye kidogo zaidi, na siku moja nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba mwalimu siku hizi hali chakula cha mikono ya wazee. Nguo zangu zilinilegea kiunoni. Dieudonné alisubiri pengine nitamwambia nina mimba. Nilipokaa bila kumwambia chochote, aliniuliza mchana mmoja, akiwa amesimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye nyusi.

"Feza, iko nini? Kama mimi ndiye nakukosea, uniambie."

Nilimjibu kwamba ni baridi tu.

Mchana wa likizo nililala sana, usingizi ule wa joto usio na kina. Niliota mara nyingi kwamba kinywa changu ni uwanja ambapo watu wamemwaga muhogo uliolowekwa, vipande vyeupe vimeanikwa juani, na mimi ninapita katikati yake kwa miguu mitupu nikiogopa kukanyaga. Niliota meno yangu yametiwa ndani ya chungu cha maji, na kila nilipochungulia yalikuwa yamepungua, kama chumvi. Nikiamka, niliyagusa kwa ulimi moja moja. Yalikuwepo. Lakini ulimi ulisema jambo lingine: hayakuwa laini tena. Yalikuwa kama chaki. Kwenye kioo, ncha za meno ya mbele zilikuwa zinapitisha mwanga, kama ncha ya ukucha, na nyuma yake niliona giza la kinywa changu mwenyewe.

Mwezi wa saba nilikuwa natafuna karanga laini za kuchemsha, jino la mbele likakatika pembe. Halikuuma hata kidogo. Lilitoka kama ganda la yai. Nilikiweka kile kipande kwenye kiganja, nikakaa nacho mpaka jua likahama ukutani. Kisha nikaenda hospitali, peke yangu, bila kumwambia mtu.

Baraza la kusubiri matibabu ya meno si kama mabaraza mengine ya hospitali. Kule kwingine watu huongea na watoto hulia. Hapa tulikaa kwenye benchi refu, watu kumi na zaidi, wengi wamefungwa vitambaa kuanzia kidevuni hadi utosini, vichwa vimelala upande mmoja, kimya. Ungesema tunasikiliza kitu kinachopita chini ya ardhi. Mbele yetu kulikuwa na ua wa mchanga na mti wa papai, na joto lilikuwa linatetemeka juu ya mabati. Nilisinzia, nikaamka, tukasogea nafasi moja. Nikasinzia tena.

Kando yangu alikaa mchimbaji aliyetoka Salamabila kwa pikipiki, mabuti yake bado na udongo mwekundu. Meno yake mawili ya mbele yalikuwa na dhahabu. Jino lililomleta lilikuwa la nyuma, limeoza. Aliniuliza nimekuja kung'oa lipi. Sijui kwa nini nilimwambia yeye, mgeni kabisa, kwamba nimejiharibu mwenyewe kwa dawa ya kung'arisha. Akagusa dhahabu yake kwa kidole.

"Sisi tunayavalisha meno," akasema, "na wewe mama umeyavua nguo."

Nilicheka kabla sijajizuia. Hewa ikaingia, nikaumia mpaka machozi, na bado nikaendelea kucheka, naye akacheka huku ameshika shavu. Kwangu ilikuwa mara ya kwanza katika miezi miwili.

Muuguzi wa meno anaitwa Shabani. Watu humwita docta, naye hukumbusha kila mara kwamba ni muuguzi. Alinipulizia hewa kidogo kwa mpira wa mkononi, nikaruka kwenye kiti. Aliniuliza nimetumia nini. Nikasema maji baridi. Hakunipinga. Alipanga vifaa vyake kwenye sahani, taratibu, akanisubiri kama tunavyomsubiri mtoto anayejua jibu. Nikamwambia yote: jeli, vibao, oksijene, limao, bikarbonati, mswaki. Aliniuliza kwa siku ngapi, nikamwambia kwamba sikuhesabu.

Akanipa kioo, akanionyesha ncha zile zilizopitisha mwanga. Alisema jino lina gamba gumu la juu, na kwamba dawa ile ikitumiwa kwa kipimo na mtu anayejua huenda isingeleta shida kubwa, ila mimi niliilazimisha, na limao pamoja na mswaki vikamalizia.

"Ile imeshakwenda hairudi, mama," akasema. "Tutalinda yenye ilibakia."

Alikausha meno yangu kwa pamba, akayapaka kwa burashi ndogo dawa ya manjano inayonata, yenye harufu kama utomvu. Aliniambia nisile kigumu siku hiyo, nisisugue hadi kesho, nitafute mswaki laini, niache limao. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nilikuwa nimeshasimama aliponiuliza, akiwa anaosha mikono:

"Nyumbani iko mutu mwengine mwenye kutumia ile dawa?"

Ninakiri hapa jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko maumivu yote. Nilikuwa nimemkumbuka Riziki tangu mwanzo wa kiangazi. Kila jino liliponichoma nilikiona kile kisanduku ndani ya kitenge. Harusi ilikuwa Septemba. Nilijiambia kwamba simu hazishiki vizuri Wamaza, kwamba yeye ni mtulivu kuliko mimi, kwamba atafuata karatasi. Ukweli ni kwamba nikimwambia Riziki, ningekuwa nimewaambia wote. Swali la Shabani lilinikuta bila pa kujificha.

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya mume wangu. Alikuwa anapiga randa ubao wa mlango. Nilimweleza nikiwa nimesimama, naye hakuacha kazi; randa ilikwenda na kurudi, maranda yakaanguka. Nilipomaliza, aliiweka chini.

"Ningejua, singekasirika na meno," akasema. "Ninakasirika na hii miezi yote."

Akaiokota tena randa, akaendelea na ubao hadi jioni. Kesho yake asubuhi aliazima pikipiki ya rafiki yake, akaniambia nijifunge vizuri mdomo, tunakwenda Wamaza.

Mtu asiye na gamba la meno akipanda pikipiki, upepo ni kisu. Nilifungwa kitenge mara tatu, mpaka chini ya macho. Dieudonné aliendesha polepole sana, hata baiskeli zenye magunia ya mpunga zilitupita, na waliokuwa juu yake wakageuka kututazama. Njia ilikuwa nyekundu, nyasi zimechomwa, moshi umening'inia juu ya mabonde kama ukungu uliosahau kuondoka. Nilikuwa nimeegemea mgongo wake nikihisi joto lake kupitia shati. Sijui kama nililala. Nakumbuka msitu mdogo, kisha mwanga, kisha msitu tena, na daraja la magogo ambalo tulilivuka kwa miguu, yeye akisukuma pikipiki na kunishika mkono. Tangu karakana hakuwa ameniambia zaidi ya kujifunga mdomo. Mkono ulitosha.

Riziki alikuwa uani, anachambua mchele na mama yetu. Alisimama kwa furaha, na alipocheka niliona. Alikuwa ameshaanza. Siku tano, alisema. Madoa yalikuwa yamepauka, na mama wa mchumba wake alikuwa amemsifu mbele za watu.

Nilimwomba tuzunguke nyuma ya jiko. Nikamwambia aache leo. Alidhani ninatania, kisha alidhani nina wivu, na hilo la pili lilibaki usoni pake.

"Yaya, ni wewe ulinipatia," akasema. "Wewe ulipata bwana na meno yako ya zamani. Mimi nikipata changu kidogo, unakuja kukamata."

Nilijaribu kueleza. Nikasikia maneno yangu yanatoka bila F, kama mtu mlevi, na yeye hakuelewa. Basi nikafungua kitenge, nikageukia jua, nikafungua mdomo. Upepo wa kiangazi ulikuwa unatoka mtoni. Nilikaa hivyo, machozi yakinitiririka hadi shingoni, nikamwacha atazame jino lililokatika, zile ncha za kioo, fizi. Mwishowe alikirudisha kitenge changu juu kwa mikono yake, akakifunga nyuma ya kichwa, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto. Lakini hakusema ataacha. Aliondoka kurudi kwenye mchele, na tulipoaga kesho yake hakunipa jibu.

Kwa hiyo nilisubiri. Hilo nalo lilikuwa baraza la kusubiri, na halikuwa na benchi.

Mama Adolfina, tuliporudi, alikuwa ameshaambiwa na mwanawe. Asubuhi iliyofuata nilimwona mlangoni akimimina chai yangu kutoka kikombe hadi kikombe, juu na chini, kwa subira, mpaka mvuke ukaisha. Akaigusa kwa kidole. Akaniwekea mbele. Sombe ilikuja na pilipili yake kwenye kibakuli cha pembeni, kwa wanaotaka. Alifanya hivyo kila siku, na hakutaka kushukuriwa; nilipojaribu, aliniagiza kuni.

Harusi ilifanyika wiki ya mvua za kwanza. Riziki alikaa mbele, amevaa kitenge cha manjano, amenyamaza kama maharusi wote. Nilimtazama ibada nzima. Ni kwenye chakula, mtu mmoja aliposema jambo la kuchekesha kuhusu shemeji yetu, ndipo alipocheka, kichwa nyuma. Madoa yetu yalikuwa palepale, yamepauka kidogo upande mmoja. Alikuwa ameshika kipande cha nanasi. Akaniona ninamtazama, akaking'ata, bila haraka, akatafuna. Baadaye aliniambia kwamba alikizika kisanduku nyuma ya choo siku ile ile niliyoondoka, na kwamba hakutaka kunipa raha ya kujua mapema. Nilistahili hilo.

Septemba direkta alinipa darasa langu, kwa majaribio. Mwanzo wa mwaka una a, e, i, o, u, halafu m, t, l. F hufika Novemba. Niliisubiri kama mtu anayesubiri mgeni asiyemtaka. Mwezi wa kumi Shabani alinipaka dawa mara ya pili na kuliziba jino lililokatika kwa kitu cheupe kinachofanana na jino. Mvua zilikuwa kubwa. Barazani kila mtu alikuwa amelowa, na sauti ya mabati ilitufunika sote kama blanketi. Aliponipulizia ule mpira wake, nilikunja vidole vya miguu tu. Alitabasamu. Aliandika kitu kwenye daftari lake.

Siku ya F ilifika, mvua ikinyesha taratibu nje. Nilikata vipande vya karatasi nyembamba, nikampa kila mtoto kimoja akishike mbele ya mdomo. Nikaweka changu mbele ya midomo yangu. Mnajua watoto wa darasa la kwanza wakoje: nusu yao hawakuwa na meno ya mbele, yamedondoka, mengine yanachungulia kwenye fizi. Sikuwahi kuliona jambo hilo kwa macho yale. Nilikuwa nimesimama mbele ya watu arobaini ambao nusu yao hawakuweza kutamka F, na hakuna hata mmoja aliyeona haya. Walipuliza, karatasi zikapepea upande upande, mate yakaruka, wakacheka vinywa wazi kabisa, wakionyeshana mapengo.

Nikayagusisha meno yangu na mdomo. Nikapuliza. Iliuma, ndiyo, uzi mwembamba, si waya tena. Karatasi yangu ikatetemeka. Nikasema fisi, figo, fundi, funika. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliuliza jina la mwalimu linaanza na herufi gani, nami nikalitamka lote, mbele yao. Direkta alikuwa amesimama dirishani, ameshika mwavuli. Aliondoka bila kuingia, na suala la vitabu halikutajwa tena.

Mara ya tatu ya dawa ilikuwa Januari, na ya nne Aprili. Kufikia hapo nilikuwa nimeanza kula wali wa moto wa kawaida. Maji baridi yalichukua muda zaidi.

Mnataka kujua meno yangu yana rangi gani sasa. Ni ya manjano kuliko yalivyokuwa kabla ya Salamabila. Gamba la juu likipungua, Shabani alinieleza, rangi ya ndani huonekana zaidi. Sina la kuongeza. Anayenisimamisha njiani mimi humwonyesha, na humwambia haya: kama umeshatumia na yanauma, acha leo, usimalizie kilichobaki; usisugue kwa limao; chai iache ipoe; nenda kwa anayejua meno na umwambie ukweli mara ya kwanza, usipoteze miezi kama mimi. Na kama umempa mtu, mfuate.

Mwaka huu Riziki aliniita kwake nimwone mtoto wake wa kike, ana miezi saba. Alinikabidhi mtoto, akachukua kidole changu na kukiingiza kwenye kinywa kile chenye joto. Kulikuwa na kitu kigumu kwenye ufizi wa chini, kidogo kama punje ya mchele, kimetoka juzi. Nilikipapasa. Kilikuwa laini, hakijatumika, hakina mkwaruzo wowote. Mtoto alinitazama kwa macho makubwa, kisha akafunga kinywa kwa nguvu zake zote, na iliuma.

Nikamwacha aume.